Mama Sumaku na Kadi za Jua

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliokuja kumsindikiza, mliopata kivuli cha turubai na mliobaki juani, familia inawaomba utulivu wa kusikiliza maisha ya mama yetu, dada yetu, shangazi yetu na bibi yetu, ambaye wengi wenu hamkuwahi kulijua jina lake la shule, maana mji mzima ulimwita Mama Sumaku. Historia hii aliiandika mwenyewe kwa mkono wake, kurasa saba za daftari la mistari, akaacha wazi nafasi ya tarehe moja tu, ile ya mwisho, na akaelekeza kwa maandishi kwamba isomwe na mpwa wake, binti wa mdogo wake wa kiume, fundi cherehani, ambaye ndiye anayesimama mbele yenu. Familia imeongeza maneno hapa na pale, lakini haikupunguza hata mstari, na mtasikia wenyewe kwa nini jambo hilo halikuwa rahisi.

Marehemu alizaliwa Alhamisi tarehe 14 Agosti 1952, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne, baba yake akiwa fundi saa na mama yake mshonaji wa mashuka ya hospitali, katika nyumba ya vyumba vitatu ambayo chumba chake cha mbele kilikuwa karakana, na ukutani saa kumi na tisa za wateja zilikuwa zikigonga kila moja kwa wakati wake. Alipokuwa na umri wa miaka sita aliifungua saa ya mezani ya mteja mmoja, karani wa posta, akayapanga magurudumu yake sakafuni kuanzia dogo hadi kubwa, na baba yake alipoingia watu wote wa nyumba walijua leo ni leo, lakini mzee hakuinua mkono, alisema tu, "Aliyefungua ndiye atakayefunga," akamwekea sinia na bisibisi. Kazi ile ilimchukua siku nne, saa ikatembea tena, ila kila siku ikawa inatangulia kwa dakika tano, na yule karani akakataa irekebishwe, akisema tangu aoe hajawahi kufika kazini mapema kama sasa.

Alianza shule ya msingi Januari 1959 akamaliza 1966, akajiunga na sekondari ya wasichana mwaka 1967 na kuhitimu 1970, kisha akasomea utunzaji wa maabara kwa miaka miwili, akipata cheti chake tarehe 8 Desemba 1972. Walimu wake waliandika kwamba ni mwanafunzi mwenye bidii lakini anauliza mno, na cheti hicho chenye maneno hayo alikitundika sebuleni juu ya redio, wala hakuwahi kukiona kama lawama.

Aliajiriwa mara ya kwanza tarehe 15 Januari 1973 kuwa mtunza maabara katika shule ya sekondari, na huko ndiko alikopata jina lake, kwa sababu alikuwa na sumaku kubwa ya umbo la kwato la farasi asiyoitoa mkobani, na kila alikokaribishwa chai aliondoka na kijiko cha watu kimemng'ang'ania, mpaka majirani wakawa wanamwambia, "Karibu sana, lakini mkoba uache mlangoni." Tarehe 2 Machi 1982 alihamia katika jumba la makumbusho la mji akiwa mhudumu wa makabati ya vioo, kazi yake ikiwa kufuta vumbi, kuwasha taa na kuwazuia watoto. Anaandika katika daftari lake kwamba wiki ya kwanza alihesabu vibao vya USIGUSE, akavipata arobaini na viwili, na kwamba kila jioni aliyafuta makabati yale alama za vidole vya watoto, vidole vidogo, vyote vimewekwa palepale, mahali ambapo mtoto alikuwa akijaribu kukifikia kilichomo, naye alikuwa akizifuta huku moyo unamuuma.

Aliomba chumba ambamo watoto wangeruhusiwa kushika vitu, akaomba kwa miaka minne. Mwaka 1986 alipewa stoo ya viti vilivyovunjika, nyuma, karibu na bomba la maji, akaipaka chokaa kwa mikono yake, na Jumamosi tarehe 5 Julai mwaka huohuo akafungua Chumba cha Kushika, watoto wakaja kumi na mmoja. Hapo mtoto alichuja maji machafu kwa mchanga na kitambaa mpaka yakatoka meupe, akawasha kitaa kidogo kwa ndimu na misumari, akaingiza vidole kwenye meno ya fuvu la punda na kuambiwa akisie punda huyo alikuwa akila nini, na sharti lilikuwa moja tu, kwamba kila anayeingia ashike, hakuna mtazamaji. Baada ya miaka mitatu familia zilikuwa zikipanga foleni hadi kwenye ngazi, akina baba waliokuja kusubiri wakajikuta wamepiga magoti sakafuni na suruali zao za Jumamosi wakigombania lenzi na watoto wao wenyewe, na mama mmoja muuza mitumba aliwahi kusema kwamba hapo ndipo mahali pekee mjini ambapo mwanawe aligusa kitu na asikemewe. Hakuna mtoto aliyetoka mikono mitupu, na hilo marehemu alilisema kwa fahari, kwa sababu alikuwa hajajua bado kwamba fahari hiyohiyo ndiyo itakayomponza.

Kuhusu ndoa, marehemu alivunjika kifundo cha mkono Mei 1975 alipoanguka kutoka kwenye ngazi ya maabara, akapelekwa hospitali, na fundi wa eksirei aliyempiga picha akashangaa kuona mgonjwa halii, bali anauliza mashine inafanyaje kazi na kama anaweza kuondoka na mifupa yake. Wengine huletewa maua, yeye aliletewa picha ya mkono wake mwenyewe, na tarehe 18 Desemba 1976 walifunga ndoa, wakaishi pamoja kwa upendo na utani mwingi hadi fundi huyo alipofariki tarehe 30 Aprili 2014. Walijaliwa watoto wawili, wa kwanza wa kiume, aliyezaliwa 1978, ambaye ni fundi wa majokofu, na wa pili wa kike, aliyezaliwa 1981, ambaye ni mkunga, na marehemu ameacha wajukuu watano, kila mmoja akiwa na sumaku yake.

Hapa ndipo unapoanza ukurasa wa tano wa daftari, na kaka na dada wa marehemu walikaa kikao Jumamosi iliyopita kujadili kama usomwe, wengi wakasema marehemu hasemwi vibaya, jambo ambalo ni kweli na ni la heshima, ila hapa anayemsema marehemu ni marehemu mwenyewe.

Alhamisi tarehe 21 Juni 2001, alasiri, jua lilipatwa. Makumbusho yalitangaza siku ya familia uwanjani, na marehemu aliandaa kadi za kutazamia jua, kila kadi ikiwa na tundu moja la kuweka jicho moja, na kwenye tundu vipande viwili vya filamu nyeusi ya eksirei, vimepandanishwa, kutoka kwenye filamu chakavu alizokuwa akiletewa na mumewe. Alizijaribu kwa wiki mbili, akajiridhisha kwamba kipande kimoja hakitoshi, lazima viwili, ingawa madaktari wa macho wa leo wanatuambia kwamba hata viwili visingeruhusiwa, na akashona kadi mia moja na ishirini. Siku hiyo walikuja watoto mia mbili sitini na watatu. Saa nane na nusu mchana, foleni ikiwa imezunguka jengo na walimu wakiuliza kulikoni, aliingia Chumba cha Kushika, akafunga mlango, akachukua mkasi, akaanza kufumua kadi na kutenganisha filamu, mbili zikawa moja moja, na hizo nazo zilipopungua akakata hata mabaki ya pembeni mwa filamu, ili kila mtoto ashike. Anaandika, "Nilijua. Nisiseme sikujua. Nilijiambia watatazama kidogo tu, na sikuweza kuustahimili uso wa mtoto anayerudishwa."

Mpwa wake, aliyekuwa na umri wa miaka tisa, alikuja na darasa lake, na shangazi alimsimamisha mwisho wa foleni asije akaambiwa anapendelea wa kwake, kwa hiyo alipata kadi ya mwisho, iliyokatwa pembeni mwa filamu, pahali pasipo na weusi wa kutosha, ukiitazama unauona ubavu wa mtu. Mtoto aliiweka kwenye jicho la kulia, akaitoa, akasema, "Shangazi, linang'aa sana." Shangazi, mwenye watoto wengine mia mbili wa kuwaangalia, alimrudishia mkono jichoni, akamwambia, "Tazama tu mwanangu, usiogope, Shangazi yupo," naye mtoto, kwa kuwa shangazi yupo, alitazama mpaka jua lilipobaki kama ukucha, na hakuutoa mkono hata mara moja.

Kesho yake watoto watano walisema wanaona doa. Wanne walipona baada ya miezi kadhaa, wa tano hakupona, na ndiye anayewasomea, kwa jicho la kushoto, kwa maana akifumba hilo na kuwatazama kwa la kulia, ninyi nyote hapa mna mwili na nguo lakini hamna nyuso.

Tarehe 9 Julai 2001 kamati ya makumbusho ilikaa na kuandika taarifa, nayo ilisema kwamba kadi zilikuwa salama, bali watoto wachache, hasa mmoja, walikaidi maelekezo wakaziondoa machoni. Marehemu aliambiwa na mkuu wa wakati ule kwamba ukiandikwa ukweli chumba kinafungwa na hakitafunguliwa tena, kwa hiyo achague, na anaandika maneno haya, ambayo mpwa wake ameyasoma mara nyingi mpaka karatasi imelegea, "Niliwaza watoto wote watakaokuja baadaye, nikamsahau mmoja aliyekwishakuja. Nikatia sahihi."

Taarifa ile ilifika nyumbani kwa mdogo wake, mwalimu mkuu mstaafu aliyeketi hapa mbele, baba wa mtoto, aliyemwamini dada yake kama anavyoamini kalenda. Alimchapa mtoto fimbo tatu, akamwambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mtoto aliposema, "Lakini Baba, Shangazi ndiye aliyeniambia nitazame," alionekana ameongeza uongo juu ya ukaidi, akaongezewa ya nne. Tangu siku hiyo akaitwa Kaidi, kwanza kwa hasira, halafu kwa mazoea, halafu kwa utani, mpaka mwenyewe akaamini kwamba huenda kweli aliitoa kadi akasahau, kwa sababu mtoto akiambiwa neno moja na watu wazima wote, atalikuta hata kwenye kumbukumbu zake. Siku ya harusi yake, tarehe 12 Novemba 2016, mshereheshaji alipotania kwenye kipaza sauti kwamba bwana harusi amethubutu kumuoa Kaidi, ukumbi mzima ulicheka, na marehemu akainuka akatoka nje, tukasema ni presha, tukampelekea maji.

Chumba cha Kushika, kilichofungwa kwa muda baada ya taarifa ile, kilifunguliwa tena Februari 2002, na waliorudi waliona mambo yamebadilika. Mlangoni palikuwa na misumari arobaini, na kwenye kila msumari kipande cha bati chenye tundu, mtoto akiingia anachukua kipande chake, akitoka anakirudisha, na misumari ikiwa mitupu, wa arobaini na moja anasubiri nje hata akilia, hata awe mtoto wa mkubwa gani. Watu walisema mama wa watu amekuwa mchoyo, uzee umeingia, na akina mama wa foleni wakamtania kwamba za mwizi ni arobaini na za Mama Sumaku pia ni arobaini, naye alikuwa hacheki, alikuwa anahesabu. Kwa miaka kumi na miwili iliyofuata, hadi alipostaafu tarehe 31 Julai 2014, hakuna mtoto aliyepewa kitu nusu katika chumba kile, na hakuna aliyejua sababu.

Jumapili zilikuwa za mpwa wake. Mtoto mwenye jicho moja zuri hupata taabu ya kujua kitu kiko karibu au mbali, anamimina chai mezani akidhani ni kikombeni, na marehemu alimfundisha kwa miaka, jikoni kwake, kuigusisha kwanza midomo ya birika na kikombe ndipo amimine, kushika ngazi kwa kisigino kabla ya kushuka, kutia uzi kwenye sindano kwa ncha ya ulimi na ncha ya kidole bila kutegemea macho. "Mkono nao una jicho," alikuwa akimwambia, na kutokana na mkono huo mpwa amekuwa fundi, ana cherehani tatu na wasaidizi wawili. Mpwa alidhani anapendwa tu. Leo hajui aupange vipi upendo ule, maana ulikuwa wa kweli na ulikuwa pia wa mtu anayelipia kosa kimyakimya, na hayo mawili hayatengani kama filamu zile.

Mnamo tarehe 11 Septemba 2023 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akalazwa, akaruhusiwa, akalazwa tena. Jumapili tarehe 28 Januari mwaka huu, saa kumi jioni, wodini, kitanda cha dirishani, alimpa mpwa wake bahasha yenye daftari hili na kadi moja ya jua, ileile, yenye ubavu wa mtu, ambayo aliihifadhi kwa miaka ishirini na miwili ndani ya kopo la vifungo, akamwomba asome palepale. Mpwa alisoma hadi ukurasa wa tano, akasimama, akaondoka bila kuaga, wala hakurudi kwa siku tisa, na katika siku hizo alishona sare za shule nzima, akikasirika hata na uzi.

Alirudi tarehe 6 Februari. Hawakulizungumzia. Mgonjwa aliomba maji, mpwa akachukua jagi, akaugusisha mdomo wa jagi na ukingo wa kikombe, akamimina bila kudondosha tone, na marehemu alipouona ule mkono ukifanya alivyoufundisha alilia kwa sauti, mpaka nesi akaja kuuliza kama ni maumivu, akajibiwa na mgonjwa mwenyewe kwamba ndiyo. Alifariki Ijumaa tarehe 16 Februari 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja, mpwa akiwa ameshika mkono wake wa kulia na binti yake akiwa ameshika wa kushoto.

Juzi mwalimu mkuu mstaafu, aliyekuwa wa kwanza kikaoni kusema ukurasa wa tano utolewe, alikwenda kwenye chumba cha cherehani cha binti yake, akasimama mlangoni kofia mkononi, jambo ambalo halijawahi kutokea, akasema, "Isome yote. Fimbo zile nilichapa mimi, si Dada." Hakuingia ndani, lakini alisubiri hapohapo mpaka kazi ilipoisha, wakarudi nyumbani pamoja.

Jana familia iliwasilisha barua katika jumba la makumbusho ikiomba taarifa ya tarehe 9 Julai 2001 isahihishwe, na imeambiwa barua imepokelewa. Mkuu wa sasa wa makumbusho yuko nasi hapa, hakuwepo wakati ule na hana kosa, tunamwomba radhi kwa kulisemea jambo hili mbele ya watu, ila marehemu ameagiza lisemwe mbele ya watu kwa kuwa lile la ukaidi pia lilisemwa mbele ya watu. Na kama yupo hapa mmoja wa wale wanne waliopona, au mzazi wake, familia inainama mbele yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba sita, hasa yule nesi aliyeuliza kama ni maumivu kisha akakaa naye bila kuuliza zaidi, tunawashukuru majirani kwa viti, maji na turubai, na kwa vijiko vyenu vyote ambavyo tumevikuta kabatini mwake na tutavirudisha, tunawashukuru wafanyakazi wenzake wa makumbusho, wa zamani na wa sasa, na tunawashukuru ninyi mlioshikishwa vitu katika chumba kile mkiwa wadogo, ambao leo asubuhi mmekuja na watoto wenu, tukawahesabu mkafika zaidi ya arobaini, na hakuna aliyebaki nje.

Msomaji wenu hatawadanganya mbele ya jeneza kwamba amekwisha kusamehe. Ameanza. Kadi ile hataizika pamoja naye, atakwenda kuitundika kwenye msumari wa kwanza wa mlango wa Chumba cha Kushika, kama atakubaliwa, na chini yake patakuwa na kibao kilichoandikwa kwamba mtoto huyu hakukaidi.

Shangazi, mtoto uliyemwambia atazame alitii, akatazama hadi mwisho. Leo yeye ndiye anayekuambia, nawe mtii kama alivyokutii. Weka chini ulichokishika. Pumzika, Shangazi, pumzika kwa amani.